Wimbo wa Kusimama Mlangoni

4 Februari

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua hii ni ndefu, kwa hiyo isome ukiwa umekaa. Mama anasema ulikuwa na tabia ya kusoma barua palepale mlangoni, kofia bado iko kichwani. Huku tunakwenda. Goti la Mama linamsumbua kwenye ngazi tu. Kwenye tambarare bado anatuacha nyuma sote. Shangazi amehama tena, na kama kawaida ameacha jiko kwenye nyumba aliyotoka na kutuma watu wakalichukue. Mimi niko kwa dobi, napiga pasi mashati ya watu wa benki hadi saa kumi. Baba yupo. Bado anaingilia mlango wa jikoni.

Najua hatujawahi kuonana, na mtu hapaswi kumwomba kitu mzee ambaye hajamwona uso. Lakini naomba.

Tunarekodi albamu, ya kwanza yetu. Usicheke. Mimi ni gitaa na sauti. Seremala wa mtaa wetu anapiga besi aliyoitengeneza mwenyewe kwa mbao za kabati la marehemu babake. Ngoma anapiga nesi wa wodi ya wazazi, anakuja na viatu vyake vyeupe moja kwa moja kutoka kazini. Fundi mitambo tunamwita Bwana Subiri, maana ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Studio yetu ni chumba cha baridi cha duka la nyama lililofungwa. Kuta zake zina unene wa mkono mzima na hakuna sauti ya barabarani inayopenya. Vipaza sauti tumevitundika kwenye kulabu za nyama.

Nyimbo saba zimekamilika, nimekuwekea kwenye kanda hii. Zote nimezijenga juu ya nyimbo za Bibi, zile za kuchekecha unga na kubembeleza. Ya nane ni ule wimbo wa mlangoni. Mama amenieleza: mlipogombana wewe na Baba mkiwa watoto, Bibi aliwatoa nje wote wawili. Mwenye kosa anaanza na mstari wa kuanzia, mwingine anaitikia na wa kuitikia, kisha mnaingia pamoja. Kila mmoja aliimba mstari wa zamu yake tu, na hakuruhusiwa kuimba wa mwenzake. Mstari wa Baba ninao. Wako, wa kuitikia, hakuna mtu hapa aliyewahi kuniimbia.

Jengo limeuzwa. Tarehe thelathini Juni tunakabidhi funguo, na mashine ya kanda inaondoka na mwenyewe. Baada ya hapo hatuna pa kwenda. Naomba unipigie mstari wako kwa klarineti, hata kwenye kinasa sauti cha mezani. Mstari mmoja tu, Baba Mkubwa.

Mwanao,
Chiriku (ndivyo wanavyoniita, kwa sababu sinyamazi)

9 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimeisoma nikiwa nimekaa, na kofia nimeivua. Mwambie shemeji yangu aloweke goti kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi, na aache kushindana na vijana barabarani. Mwambie Shangazi jiko ni la kwanza kubebwa, si la mwisho. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa umri wangu. Nakaa ghorofa ya nne. Chini yangu anakaa mama mmoja mwenye ufagio, na nikikohoa zaidi ya mara tatu anagonga dari yake. Tumeishi hivyo miaka kumi na miwili na hatujawahi kupishana maneno. Ni ujirani mzuri.

Kanda yako nimeisikiliza mara nyingi kuliko nilivyokusudia. Nilifanya kazi ya kujalidi vitabu miaka thelathini, na kazi ile humfundisha mtu kutafuta mahali pa mshono. Kwenye yenu sijaona mshono. Wimbo wa tatu unaanza na chekecheo la Mama, bibi yako, lile lile, tena kwa mkono wa kulia kama alivyokuwa akifanya. Kisha besi ya Seremala inaingia kwa mtindo wa jazi, inatembea kama mtu ajuaye aendako lakini hana haraka. Kisha kanda yote inageuzwa kinyumenyume na unga unarudi ndani ya chekecheo. Nilisimama. Vijana wa huku wana muziki wa namna hiyo, wanauita saikedelia na kuuvalia miwani ya rangi. Mimi nauita homa. Ni ile saa ya utotoni joto likiwa kali na ukuta unasogea, na mama anaimba kando ya kitanda, yeye tu hasogei. Sijawahi kusikia mtu aliyeweka mambo hayo matatu mahali pamoja. Nakwambia kama msikilizaji, si kama ndugu.

Kuhusu wimbo wa nane, andika mwingine. Klarineti iko chini ya kitanda na vibonyezo vyake vimekauka. Na ule mstari nimeusahau.

Jambo moja. Umeandika kurasa nne, na baba yako umempa maneno mawili, "Baba yupo," na mlango wa jikoni. Kwa nini mdogo wangu anaingilia jikoni kwenye nyumba ya mama yake? Mlango wa mbele una nini? Nijulishe kama ni bawaba au ni kitasa, nikuchoree namna ya kutengeneza.

Ni mimi,
Baba yako Mkubwa

2 Aprili

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mama ameweka goti kwenye maji na anasema halijapona ila limekuwa safi. Shangazi amecheka mpaka akakaa chini. Wote wanakusalimu. Nesi amepandishwa cheo, sasa anachelewa mazoezini kwa heshima zaidi.

Mlango wa mbele ni mzima. Bawaba ni nzima, kitasa ni kizima.

Nilikuwa na miaka saba siku Bibi alipozikwa. Tuliporudi kutoka makaburini watu walikuwa wengi, viti vimepangwa hadi nje. Baba alifika mlango wa mbele akasimama. Nilikuwa nimemshika kidole. Akaimba mstari wake. Mimi nilidhani ndivyo inavyofanywa mtu akifa. Akamaliza, akangoja. Mzee mmoja akamwambia, "Pole, ingia ndani upumzike." Hakuingia. Mjomba wa Mama akasema huzuni imempanda kichwani, akamvuta mkono. Baba akautoa mkono wake taratibu, akazunguka nyumba, akaingilia jikoni. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, mlango ule hajaupita. Makochi mapya yalipoletwa alishika upande wa nje, yalipofika kizingitini akayaachia, akazunguka, akayapokea kwa ndani.

Alikuwa akikungoja wewe umwitikie. Sikujua hilo mpaka mwaka huu Mama aliponieleza maana ya wimbo.

Umesema umesahau. Baba Mkubwa, kwa heshima zote, mtu hasahau wimbo uliomzuia kuingia kwao na chakula kikimnukia.

Nimejaribu bila wewe. Seremala ameitikia kwa besi, akabuni mstari mzuri sana. Baba alikuwa amekuja kusikiliza, amekaa juu ya kreti karibu na mlango wa chuma. Akasema, "Huyo ni nani? Simjui. Nimwambie nini mimi?" Seremala akajibu, "Mimi ni jirani yako, mzee, nimekutengenezea kitanda." Baba akasema, "Kitanda kizuri. Wimbo si wako."

Lakini amekubali kuimba mstari wake yeye mwenyewe kwenye kanda. Baba, ambaye hakuimba hata siku ya harusi yangu, wala siku ndoa ilipovunjika. Sauti inamkwaruza kidogo, ni mafua tu. Tafadhali.

Chiriku

11 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo.

Hujajibu. Wote ni wazima isipokuwa mmoja, na kwenye barua iliyopita nilikudanganya. Si mafua. Baba ana uvimbe kwenye koo, tangu mwaka jana. Daktari amepanga kumpasua tarehe ishirini na saba Juni. Ataishi, wanasema, tena vizuri. Ila sauti itaondoka na uvimbe. Haitarudi.

Alinikataza kukuandikia. Alisema, "Usimpelekee ugonjwa wangu, atadhani nampelekea bili." Nimevunja agizo lake. Ukiwa na hasira, niwekee mimi.

Jana aliingia chumba cha baridi akavaa koti la Bwana Subiri, akaimba mara moja tu. Hakuna mwingine aliyepiga chochote. Alipomaliza mstari wake alinyamaza akasimama, na Bwana Subiri akaiacha mashine izunguke. Sekunde kumi na tisa. Kisha Baba akasema, "Basi, zima," akatoka.

Nimekuwekea kanda yake humu. Utasikia mahali alipokuachia nafasi. Hakuna atakayeijaza. Nimeacha kumwomba Seremala, nimeacha kujaribu kubuni. Nikipiga pasi nahesabu siku. Jana nimeunguza kola mbili. Sikuombi tena kwa ajili ya albamu. Ikitoka na nyimbo saba itakuwa imetoka. Nakuomba kwa sababu amebakiza wiki saba za kuwa na sauti, na kitu alichochagua kusema ni hicho.

Posta hii inachukua wiki tatu ikiwa na adabu. Usingoje.

30 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya Aprili na ya Mei zimefika leo saa nne asubuhi zikiwa zimefungwa kwa mpira mmoja. Wafanyakazi wa posta huku walikuwa wamegoma. Nakusalimu, nawasalimu wote, nisamehe nikienda moja kwa moja.

Ile ya Mei niliisoma kwanza, kwa bahati mbaya. Kisha ya Aprili. Kisha nikaketi sakafuni kuitoa klarineti chini ya kitanda na kuinuka tena kukawa kazi.

Nilimsikiliza mdogo wangu. Nilimwacha ana miaka ishirini na minne, na sauti nyembamba ya mtu anayecheka kabla hujamaliza hadithi. Huyu wa kwenye kanda sikumjua mpaka alipovuta pumzi. Pumzi ile naijua, tulilala kitanda kimoja miaka kumi na minne.

Mama wa ufagio alikwenda sokoni saa sita, nikapata muda. Lazima nami nikueleze hali yangu, kwa kuwa umeniambia ya kwenu. Daktari anasema mapafu yangu yamejaa vumbi la karatasi na gundi. Sipandi ngazi zote nne bila kupumzika kwenye ya pili. Nilijaribu mstari mara nane. Mara saba ulinikatikia njiani. Ya nane umefika mwisho, ndio huu uliomo kwenye kanda. Utasikia kitu kama msumeno mwanzoni na mwishoni. Ni mimi, si mashine.

Nilijua vizuri nini kinatakiwa. Mama alitufundisha utaratibu, na nimeufuata utaratibu huo, kama nilivyopaswa kuufuata miaka kumi na tisa iliyopita. Kuna barua moja ya zamani humu sandukuni ambayo ningeweza kukueleza habari zake. Tuiache.

Nakimbilia posta. Nimelipia ile ya haraka. Mwambie baba yako asinywe maji ya baridi kabla ya kuimba, na mwambie

Hapana. Kanda itamwambia.

24 Juni

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mama hajambo, Shangazi hajambo. Kanda ilifika jana saa tisa alasiri. Nilikimbia nayo hadi chumba cha baridi nikiwa na aproni ya kazini. Seremala alikwenda kumchukua Baba kwa baiskeli. Nesi aliacha wodi. Wote tulikuwepo, mlango wa chuma tukaufunga, Bwana Subiri akaweka kanda.

Baba Mkubwa, umefanya nini?

Tulikuwa tunangoja jibu. Klarineti ikaanza, nzuri, nzito, ina vumbi ndani yake, na mimi nikafurahi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Kisha nikautambua. Ni mstari wa Baba. Umepiga mstari wa Baba, wa kuanzia, halafu ukanyamaza ukangoja. Bwana Subiri alikunja mikono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema subiri. Alisema, "Wote wawili wanaita."

Nilimtazama Baba. Alikuwa amefumba macho. Pumzi yako ilikuwa inasikika kwenye kile kimya, kile kimsumeno. Akasema, kwa sauti ile aliyobakiza, "Anaanza yeye? Mjinga huyu. Kosa ni langu."

Nikamwambia, "Basi Baba, si ameanza? Mwitikie! Mashine inazunguka, mwitikie!"

"Nikimwitikia nimekubali kosa ni lake."

"Likiwa lake itakuwaje?"

"Si lake. Bibi yako alipozidiwa aliniambia nikupigie wewe, kaka, simu ya maandishi." Yaani alianza kuzungumza na wewe, Baba Mkubwa, siyo na mimi, alikuwa anatazama spika. "Nikaandika telegramu, nikaiweka mfukoni. Nilikuwa na hasira umeondoka na mimi nimebaki na vyungu. Nilikalia telegramu siku kumi na moja. Nilipoipeleka, mama alikuwa amebakiza siku moja."

Nesi alikuwa analia na vijiti vyake mkononi. Nilimpigia Baba magoti, kwenye sakafu ile ya saruji ya baridi, nikamwambia aniimbie mimi mstari wako, anifundishe, nitaitikia kwa niaba. Lazima anaujua, ameusikia utoto mzima. Akasema anaujua. Akasema si wake kuutoa.

Hakuna muda wa kanda nyingine kwenda na kurudi. Keshokutwa jioni anaingia hospitali.

Bwana Subiri amewaweka pamoja, wewe njia ya kwanza, yeye njia ya pili, bila kukata kitu. Unamtangulia kidogo. Mnaanza wote, mnanyamaza wote. Kisha ni sekunde kumi na tisa za watu wawili wanaopumua kila mmoja akimngoja mwenzake. Tumeacha hivyo. Hakuna besi, hakuna ngoma. Wimbo wa nane umeisha, na sijui ni nini.

Nimechoka, Baba Mkubwa.

3 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Sijui nisalimie vipi. Amepona? Aliamka? Alisema nini mwisho kabla hawajamlaza? Nijibu hayo kwanza, hata kwa kadi.

Barua yako niliisomea ngazini, ghorofa ya pili, mahali pangu pa kupumzikia, na sikuweza kupanda wala kushuka. Mama wa ufagio alinikuta pale. Ndiyo mara ya kwanza ameniuliza, "Kuna nini?" Nikamwambia nimekosea kupiga wimbo. Akasema kwa kadiri anavyonisikia hilo si jambo geni. Akanishika mkono hadi mlangoni.

Siku kumi na moja! Mwambie angeikalia mwaka mzima isingebadilisha kitu. Miezi minne kabla ya telegramu, Mama alikuwa amenitumia barua, ameandikiwa na mtu mwenye hati nzuri. Niliitambua bahasha. Nilikuwa nimepata kazi ya majalada ya mahakama, na kila barua ya nyumbani ilikuwa inaniharibia wiki nzima. Nikasema nitaifungua Jumapili. Jumapili nikasema nyingine. Telegramu ilipofika, bahasha ile ilikuwa bado imefungwa, na baada ya hapo nani angeifungua? Imefungwa hadi leo. Nimefungua na kufunga maelfu ya vitabu vya watu wasionihusu.

Ndiyo maana nilianza mimi. Ilikuwa zamu yangu kuanza.

Tangu barua yako nimejaribu kuurekodi mstari wa kuitikia. Naujua, bila shaka naujua, nilikudanganya. Naweka kanda, nabonyeza, navuta pumzi, na mkono unaizima mashine. Kumwitikia ni kusema, sawa, kosa ni lako. Sina haki ya kumwambia hivyo. Nimejaribu siku tisa. Huenda hii ndiyo homa yenyewe, na safari hii hakuna anayeimba kando ya kitanda.

Nijibu.

15 Septemba

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nisamehe kwa kimya, mimi Chiriku mzima. Baba ameamka, anakula uji na supu, amenenepa kidogo usoni. Ana ubao mdogo wa shule na chaki, na amekuwa mkali kuliko alipokuwa na sauti. Anapigia mistari maneno. Kabla hawajamlaza aliniuliza, "Barua imefika?" Nikasema bado. Ndilo jambo la mwisho alilosema kwa mdomo.

Barua yako ya Agosti nimemsomea. Alisikiliza yote.

Albamu imetoka, santuri nimekutumia humu, imefungwa na mbao mbili na Seremala mwenyewe. Jalada ni ile picha ya kulabu. Mtangazaji mmoja wa redio ameipiga yote tangu mwanzo hadi mwisho, akasema masikio yake yamehamishwa nyumba. Mwingine amesema ni kelele za watu wenye njaa wakiwa bucha. Wapiga jazi wanasema si jazi, wazee wanasema tumewaharibia nyimbo za mama zao, na vijana wanaisikiliza wamelala chini sakafuni. Inanunuliwa. Wateja watatu wameirudisha dukani wakidai wimbo wa nane una kasoro, umekatika. Mwenye duka amewabadilishia, wakaenda, wakarudi nayo tena.

Sasa nikuambie kinachonimaliza.

Kila alasiri Baba ananionyesha santuri kwa kidole. Nauweka wimbo wa nane. Ukianza tu anainuka, anatoka mlango wa jikoni, anazunguka nyumba, anasimama mlango wa mbele. Naona kivuli chake kwenye kioo. Sauti zenu zinaimba, zinanyamaza, na yeye anasimama pale sekunde zile kumi na tisa, ameinamisha kichwa. Sindano inafika mwisho. Anazunguka, anaingilia jikoni, anaketi, anaonyesha kidole. Tena. Kuna siku tumefanya mara sita. Nimemfungulia mlango wazi kabisa, nikamwambia ingia Baba, mimi ndiye niliyefungua, hakuna mtu mwingine. Alinitazama kama mtoto aliyesema kitu kisicho na maana.

Jana nilificha santuri. Aliandika ubaoni: ATAJIBU. Akapigia mstari mara mbili.

Mimi sijui tena namwombea nani kwa nani. Mimi nilitaka albamu tu.

2 Novemba

Mdogo wangu,

Mwaka mzima nimemwandikia mtoto wako ili nisikuandikie wewe. Nakusalimu. Natumaini supu wanaitia chumvi. Shemeji hajambo na goti lake, Shangazi na jiko lake. Mimi ninapumua.

Santuri ilifika salama ndani ya mbao za fundi wako. Sina mashine ya kuipigia, nikaipeleka maktaba nilikofanyia kazi. Msichana wa mapokezi bado ananikumbuka. Aliniketisha chumba cha kusomea, akaniwekea santuri na vile vifaa vya kuvaa masikioni. Nyimbo saba nilizisikiliza kwa adabu. Ilipofika ya nane nikasikia pumzi yako upande huu na yangu upande ule, tukingojana kama vichaa wawili, na nikaimba. Kwa sauti, mdogo wangu, katikati ya maktaba, mstari wangu wa kuitikia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikujisikia mwenyewe kwa sababu ya vile vya masikioni. Nilipofungua macho chumba kizima kilikuwa kinanitazama na mlinzi amesimama mbele yangu. Akasema, "Mzee, hapa hatuimbi." Nikamwambia, "Samahani, nilikuwa nimechelewa."

Nilipofika nyumbani niliifungua barua ya Mama. Nimeiweka humu, ni yako pia. Nilidhani atakuwa ananililia au ananilaani. Anauliza kama huku ninapata viatu vya kunitosha. Anasema kuku wameacha kutaga. Anasema mlango wa mbele ulikuwa unagoma na wewe umeutengeneza.

Sasa sikiliza, maana sitaweza kuandika hili mara mbili. Nilidhani kuanza mimi ni unyenyekevu. Wewe ulikuwa umesimama nje umeanza tayari, na mimi sikutaka kukupokea. Nilitaka kukushinda hata kwa makosa. Kwa hiyo: siku kumi na moja ulizokalia telegramu lilikuwa kosa. Lilikuwa kosa lako, na limeniuma. Nimekusamehe. Barua hii ya Mama ni kosa langu, na hilo nitakuja kulisimamia mlangoni siku yangu, na wewe utaniitikia kwa chaki.

Kanda iliyomo humu ina mstari mmoja tu. Klarineti imenishinda, nimeimba kwa mdomo. Inakatika kwenye neno la tatu. Usimlaumu Bwana Subiri. Mama wa ufagio hakugonga. Mwambie Chiriku aiweke tayari kando ya santuri, na mkinyamaza wewe na mimi, aiachie.

Wewe zunguka, usimame mbele. Ukinisikia, usinyooshe shingo kutazama kama nipo, na usianze kubishana. Mlango, Mama anasema, haugomi tena, hakuna haja ya kuusukuma kwa bega.

Ingia.

Kaka yako